Kikongwe, Kirefu, Kizito: Wikendi ya Wawili Ndani ya Dar es Salaam

Mkazi wa Dar es Salaam akijaliwa siku mbili za kupumzika na mwenza wake, akili hukimbilia boti ya Zanzibar. Ikishindikana boti, Bagamoyo. Ikishindikana Bagamoyo, watu hubaki nyumbani wakafua. Jiji lenyewe halimo katika hesabu, maana ni mahali pa kazi na foleni. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta humu watu 5,383,728, idadi ambayo hakuna mji mwingine wa Tanzania unaoikaribia, na naamini wengi wetu tunaijua njia moja tu: ya kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni.

Mimi na mke wangu tukaamua kuhamia mjini kwa wikendi. Ijumaa jioni tulichukua chumba maeneo ya Posta, tukawa wageni wa jiji letu wenyewe. Tulijiwekea sharti la kuchagua pa kwenda: kila tutakapofika pawe na kitu kinachoshinda vingine vyote kwa umri, urefu, uzito, kasi au kelele. Sharti hilo lilitufikisha mahali ambapo kwa kawaida tusingepachagua, na lilizua ubishi ambao nyumbani kwetu bado unaendelea: Dar ijivunie kilicho kirefu au kilicho kikongwe? Mimi nina jibu langu, na nitalitetea.

Jengo kongwe na jengo refu

Ukisimama Sokoine Drive, pale inapokutana na Barabara ya Morogoro, ukaipa bandari mgongo, unaziona rekodi mbili za jiji kwa mtazamo mmoja. Chini iko Old Boma, nyumba nyeupe yenye milango ya kuchongwa ya Kizanzibari, iliyojengwa mwaka 1866 na 1867 kwa amri ya Sultani Majid bin Said ili apate pa kulaza wageni wake. Nyuma yake imepanda minara pacha ya PSPF, na jirani mnara wa Mamlaka ya Bandari, yote ikipita mita 150. Ule wa bandari, wenye mita 157 hivi, ndio hutajwa kuwa mrefu kuliko majengo yote nchini.

Mke wangu alisimama na minara. Alisema nchi iliyoanza kujitawala mwaka 1961, ikiwa na wahandisi wa kuhesabika, ina haki ya kuinua shingo kutazama ghorofa zake. Sikumpinga. Nilimwomba tu tuingie kwanza ndani ya Boma, saa sita mchana, jua la Dar likiwa limekomaa.

Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene hasa, na dari imebebwa na boriti. Ndani kuna ubaridi usiotegemea umeme. Waliojenga walikuwa na matumbawe kutoka baharini na boriti kutoka mikokoni, wakayajua joto na chumvi ya pwani hii kuliko tunavyoyajua sisi tunaoagiza vioo na kuvipoza kwa viyoyozi. Humo sasa kimo kituo cha urithi wa usanifu wa majengo, DARCH, chenye maonyesho ya namna jiji lilivyokua kutoka kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Majid hakuishi kuuona mji huu aliouanzisha ukisimama. Alifariki mwaka 1870, na nduguye Barghash, aliyemrithi, hakuushughulikia. Wajerumani walifika mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao yao makuu kutoka Bagamoyo. Kwa hiyo Boma imeushuhudia mji ukianzishwa, ukiachwa, kisha ukichukuliwa na wageni, na yote hayo kabla haijatimiza miaka thelathini.

Boma inaye mshindani. Mwendo mfupi kutoka hapo, upande wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ipo Atiman House, nayo ya enzi za Majid, na wapo wanaoitaja kuwa nyumba ya makazi kongwe kuliko zote mjini. Jina lake ni la Adrian Atiman, mtoto aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa udaktari Malta, kisha akatibu watu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu mwaka 1889 mpaka uzeeni. Tuliongea habari zake njia nzima hadi chakula cha mchana, na nafikiri kila mwanafunzi wa Tanzania angepaswa kumfahamu.

Makanisa mawili makubwa ya mjini nayo yalikimbizana: la Mtakatifu Yosefu lilianza kujengwa mwaka 1897, la Kilutheri la Azania Front mwaka 1898, na yote mawili yakakamilika mwaka 1902. Kwa uzuri wa kutazamwa kutoka majini, ushindi ni wa Azania Front, kwa mnara wake wa vigae vyekundu. Hilo halikuleta ubishi.

Mzee kuliko wote

Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yalifunguliwa mwaka 1940 kama kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Walioyapanga hawakujua kwamba miaka 19 baadaye, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey angeona meno yakichungulia kwenye udongo wa Bonde la Olduvai wakati mumewe Louis amelala kambini na homa. Kilichotoka pale ni fuvu la Zinjanthropus, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Fuvu lenyewe, mali ya Watanzania, limehifadhiwa na makumbusho haya tangu miaka ya 1960.

Katika jiji hili hakuna kitu kinachomhusu binadamu kinachokaribia umri huo, na jambo la kusikitisha ni kwamba mtu anaweza kupanda daladala Posta miaka ishirini bila kujua fuvu hilo limehifadhiwa jirani yake. Zinj alikuwa na magego makubwa ajabu, ya kusagia vyakula vigumu, na mfupa uliosimama utosini kama upanga wa jogoo, ambapo misuli ya taya ilijishikiza. Mke wangu ni mwalimu. Aliandika daftari zima, na kabla hatujatoka alikuwa ameshapanga namna ya kuwaleta wanafunzi wake. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo sana kuliko cha mtalii wa kigeni, basi hata kisingizio cha pesa hakipo.

Mbegu nzito kuliko zote duniani

Jirani kabisa na makumbusho ipo Bustani ya Mimea, na ndani yake kuna rekodi ya dunia nzima. Profesa Franz Stuhlmann aliianzisha mwaka 1893 kuwa shamba la majaribio, ili serikali ya Kijerumani ijue mazao gani ya biashara yangekubali udongo huu. Jiji limeibana tangu hapo, na leo imebaki kipande tu, chenye tausi wanaotembea bila wasiwasi na wafanyakazi wa ofisi wanaokuja kula chakula chao kivulini.

Wengi wao hula karibu na mnazi wa Ushelisheli, ule uitwao coco de mer, bila kuujua. Kwa asili mti huo huota katika visiwa viwili tu vya Ushelisheli, Praslin na Curieuse. Mbegu yake ndiyo kubwa na nzito kuliko mbegu za mimea yote ulimwenguni, ikiweza kupita kilo 15, na tunda lake huchukua miaka sita au saba kuiva. Miti ya kiume na ya kike ni mbalimbali, kila mmoja una mwili wake. Mabaharia wa zamani waliyaokota makokwa yake baharini wakadhani yametoka kwenye miti iotayo chini ya maji, na wafalme waliyanunua kwa bei ya vito.

Tulikaa hapo muda mrefu kuliko tulivyopanga. Mapenzi ya watu wazima, wenye watoto na ada za shule, hayapati nafasi nyingi ya kukaa chini ya mti bila simu wala ratiba. Kama ningetakiwa kutoa tuzo ya benchi bora ya wawili ndani ya Dar, ningeipeleka hapa.

Safari ya bahari iliyo fupi kuliko zote

Sokoni Feri ilibidi twende alfajiri. Mnada wa samaki unapoanza, madalali huita bei kwa kasi inayohitaji sikio la mzoefu, na kwenye meza za saruji hupita changu, tasi, nguru, vibua, ngisi, na pweza waliopigwa wakalainika. Mama lishe mmoja alitukaribisha: "Karibuni wanangu, supu ya pweza ipo, ya moto." Tulikunywa tumesimama, kwa ndimu na pilipili.

Kutoka hapo tukapanda kivuko kwenda Kigamboni. Ni dakika chache tu, na ndiyo safari fupi ya bahari inayobeba umati mkubwa kuliko zote nchini: wafanyakazi, wanafunzi, wauza mboga na baiskeli zao, bodaboda na malori, wote pamoja. Katikati ya mlango wa bandari, meli za mizigo zikiwa zimetia nanga, mtu hupata mandhari ya mji ambayo barabara yoyote haiwezi kumpa. Nashangaa kwamba wageni hulipia boti za matembezi huku wenyeji wakipita hapa kila siku wakitazama viatu vyao.

Tulirudi kwa Daraja la Nyerere, Kurasini. Lilifunguliwa Aprili 2016, lina urefu wa mita 680 na njia sita za magari, na ndilo daraja la kwanza la aina ya kuning'inizwa kwa nyaya zinazotoka kwenye nguzo katika Afrika Mashariki. Kwa urefu limeshapitwa ndani ya jiji hilihili: Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa Machi 2022, lina kilomita 1.03 juu ya maji, kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan hadi Oysterbay, na limelipunguzia mzigo Daraja la Selander, lililobeba foleni ya vizazi. Hapa nilikubali upande wa mke wangu moja kwa moja. Jua linapozama, kupita Tanzanite kwa gari lililofunguliwa vioo, Bahari ya Hindi ikiwa kushoto na kulia, ni jambo ambalo babu zetu wa Mzizima hawakulipata.

Kasi

Rekodi hii ni ya treni ya SGR. Ilianza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata, ikikimbia hadi kilomita 160 kwa saa kwa nguvu ya umeme. Stesheni yake, yenye paa la pembe kali lililochorwa kwa kufuata madini ya tanzanite, haiko mbali na stesheni ya zamani, ambako Wajerumani walianza reli ya kati mwaka 1905. Ndani ya jiji mshindi ni mabasi ya Mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016 na kuipatia Dar tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, ikiwa jiji la kwanza la Afrika kuipata. Anayesubiri basi jioni kituoni Kimara ana haki ya kudai kasi hiyo irudi.

Kelele, na mahali zinakotoka

Siku ya Simba na Yanga, uwanja wa Benjamin Mkapa ndio mahali penye kelele kuliko popote Tanzania. Ulifunguliwa mwaka 2007, una viti 60,000, na hakuna uwanja uliokamilika nchini unaoufikia kwa ukubwa. Wikendi yetu haikuwa ya mechi, lakini tulitaka kufika kwenye chimbuko la kelele hizo, yaani Kariakoo.

Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na klabu zote mbili zina makao eneo hili, moja Jangwani, nyingine Msimbazi, umbali wa kutembea kwa miguu. Sidhani kama kuna upinzani mkubwa wa soka barani uliobanwa katika mitaa michache kiasi hiki. Mke wangu ni Simba wa kuzaliwa. Mimi ni Mwananchi, yaani Yanga. Tulipiga picha mbele ya jengo la kila mmoja, na mpita njia akamwambia, "Shemeji, huyu jamaa umemvumilia miaka yote hii?" Akajibu kwamba ndoa ni subira.

Kariakoo ina rekodi nyingine ninayoithamini kuliko ya mpira. Jengo la soko lilichorwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kuendesha ofisi ya usanifu iliyo yao wenyewe. Lilikamilika mwaka 1975, paa lake likiwa la maganda makubwa ya zege yaliyofunguka juu ya nguzo. Kabla yake hapo palisimama ukumbi wa Wajerumani, ambao Waingereza waliugeuza kambi ya kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Maelfu ya watu wetu walibeba mizigo ya jeshi kwa migongo na wengi hawakurudi. Soko liliungua Julai 2021, na baadaye likakarabatiwa na kuongezewa jengo jipya pembeni. Ukienda kununua vitenge na vikombe, inua macho uyatazame yale maganda. Kwa maoni yangu, ndilo jengo la umma lenye fikra nzito zaidi lililowahi kuchorwa na Mtanzania ndani ya Dar.

Ufuo wenye watu wengi

Coco Beach Jumapili jioni haina mpinzani kwa umati, na mihogo yake ya kukaanga, yenye kachumbari na pilipili ya ukwaju, haina mpinzani kwa ladha. Kabla ya kufika huko, pitieni Morogoro Stores. Ndiko Edward Saidi Tingatinga alikoanza, mwishoni mwa miaka ya 1960, kuchora wanyama kwenye vibao kwa rangi za mafuta za bei ndogo, zile zinazopakwa baiskeli. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, baada ya kuchora kwa miaka michache tu, na bado hakuna mchoraji wa nchi hii ambaye jina lake limekuwa mtindo unaofahamika dunia nzima kama lake. Wachoraji wa ushirika uliofuata nyayo zake bado wapo hapo, wamekaa chini wakipaka rangi, na hawachoki kujibu maswali.

Kikongwe kuliko jiji

Nilimwekea mke wangu Kunduchi kwa mwisho, maana ndiyo hoja yangu kuu. Kando ya bahari, katikati ya mibuyu, kuna mabaki ya msikiti wa karne ya 15 au 16 na makaburi ya nguzo ambayo mengine ni ya karne ya 18. Kwenye nguzo hizo mafundi walizamisha sahani na bakuli za kauri kutoka Uchina. Nyingi zimeng'olewa, zikabaki alama za duara katika chokaa, lakini vipande kadhaa bado vinang'aa.

Yaani kabla Majid hajazaliwa, kabla Old Boma haijawekwa jiwe la kwanza, katika eneo ambalo leo ni la jiji hili waliishi Waswahili wenye msikiti wa mawe, wenye biashara iliyofika Mashariki ya Mbali kwa mikono ya wafanyabiashara wengi, na wenye pesa ya kupamba makaburi ya wapendwa wao kwa vyombo ambavyo wengine waliviweka kabatini. Watoto wetu hufundishwa kwamba Dar ilianza mwaka 1862 au 1865, kana kwamba pwani hii ilikuwa tupu ikimsubiri Sultani. Kunduchi inakanusha hilo kwa mawe. Ndiyo maana nasema jiji lenye kitu kama hiki lijivunie ukongwe wake kwanza, lipalilie nyasi pale, liweke bango la maelezo kwa Kiswahili kila kaburi, na shule za Kinondoni na Ubungo zifikishwe kila muhula. Minara yetu ya vioo itapitwa na minara mingine ndani ya miaka kumi au ishirini. Makaburi haya hayana wa kuyapita.

Mke wangu alizunguka kaburi moja mara kadhaa, akaniambia: "Hapa umenipata, mume wangu. Lakini Tanzanite sikupi."

Kutoka Kunduchi boti za kwenda Mbudya ziko jirani. Kisiwa hicho, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, kilitengwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, nanyi mtalipa ada ya hifadhi kabla ya kuingia. Agizeni samaki mapema mara tu mnapofika, kwa kuwa huchomwa papo hapo na foleni ya Jumapili ni ndefu, kisha chukueni banda la makuti upande wa kivuli. Kisiwani yupo kaa wa minazi, ambaye wadudu na kaa wengine wote wa nchi kavu duniani hawamfikii kwa ukubwa: hufikia kilo 4. Hutoka usiku, kwa hiyo mgeni wa mchana hamwoni kwa urahisi, na akimwona amwache alipo, kwani mahali pengi ameliwa mpaka akaisha.

Orodha yetu haikukamilika. Imebaki maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, iliyofunguliwa mwaka 2018 ikiwa na nafasi ya wasomaji zaidi ya 2,000, na yamebaki makutano ya Kijazi, Ubungo, yenye barabara za ngazi tatu, ambayo tumepita mara nyingi bila kuyatazama. Vimebaki vilima vya Pugu, sehemu iliyoinuka kuliko nyingine zote za viunga vya jiji, yenye msitu wa asili na shule ambako Nyerere alifundisha hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili aishughulikie TANU. Mke wangu amechagua Pugu. Anataka tupande asubuhi na mapema, kabla ya jua, na ameshaazima viatu vya kutembelea.